Bahasha Zilizofika na Mzigo wa Dilolo

Haya yalimpata rafiki yangu Mushiya, anayetengeneza kadi za Noeli za mtindo wa zamani hapa Kolwezi. Desemba iliyopita alienda sokoni kutafuta bahasha, na muuzaji mmoja, Mama Bilkisi, akamtolea furushi la bahasha kuukuu zilizogeuka manjano.

"Zilitoka wapi?" Mushiya akauliza.

"Zilikuya na muzigo wa Dilolo, mama. Mi sijue zaidi."

Jioni, mvua ikipiga mabati, Mushiya alibandika utepe kwenye kadi ya kwanza, akaitia ndani ya bahasha na kulamba gundi. Ladha yake ilikuwa ya nyama iliyovunda. Akatema, akapangusa ulimi kwa kitambaa. Hapo umeme ukakatika.

Gizani, karibu na kiwiko chake, akasikia kitu kikilamba polepole, kikimeza mate, kikilamba tena.

"Stanislas, ni weye?"

"Mi niko inje, nafunika makala!" mumewe akajibu kutoka uani, kwenye gunia la makaa.

Akawasha tochi ya simu. Bahasha zote zilizobaki, ambazo hakuwa amezigusa, zilikuwa zimefungwa. Alipoishika ile ya juu, mate mazito ya uvuguvugu yakavutika kama uzi hadi kwenye kidole chake.