Nyumba ya Wankyo

Kiberiti kiliisha jioni, na jioni si saa ya kuishiwa kiberiti mahali ambapo duka la karibu liko nyuma ya kilima. Eufrasia alikikung'uta kikasha, akachungulia ndani kana kwamba njiti ingeweza kujificha, kisha akachukua kigae cha chungu na kutoka kwenda kuomba moto kwa jirani.

Hilo hakulipanga. Mengine yote alikuwa ameyapanga. Mwaka ule ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Madukani Musoma bidhaa zilikuwa zimerudi, pesa ndizo zilizokuwa zimeondoka, na yeye, binti wa chuo kikuu, alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Kwa dada yake Pelagia, pale mtaa wa Mukendo, alikokuwa amefikia, bomba lilikuwa likikohoa hewa na umeme ukija kama mgeni. Kwa nini kulipia vitu ambavyo havipo? Akatafuta kiwanja chenye nyumba, cha bei ya kutupa, huku vilimani, kati ya Butiama na Bunda. Bati la kukinga mvua, pipa la maji, muhogo, mbuzi, kibatari. Hakuna bili, hakuna wa kumgongea mlango. Kweli, maji ya kiangazi yalikuwa mbali, na zahanati mbali zaidi. Alijiambia kwamba umbali ndio hasa alioununua.

Ndivyo alivyomweleza Pelagia. Hakumweleza kwamba ana mimba. Wala kwamba mimba ni ya Renatus, mume wa Pelagia.

Jirani yake, Boke, alikuwa anakamua ng'ombe uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, msomi. Leo umekuja mwenyewe! Nilifikiri watu wa mjini mnakulaga hewa tu."

"Kiberiti kimeisha. Naomba moto."

Kicheko cha Boke kilikatika. Akakitazama kile kigae.

"Moto sikupi."

"Mama…"

"Si uchoyo. Unga nakupa. Chumvi nakupa, hata maziwa haya. Moto, hapana. Ile nyumba ina mwenyewe. Mke moto wake hupewaga na mwenye nyumba; nikikupa wangu, atasema namnyang'anya mke."

"Mke gani?"

"Wewe."

Eufrasia alicheka. Alicheka peke yake.

"Siku Mzee Werema anakukabidhi ile nyumba," Boke aliuliza taratibu, "alikuuliza nini?"

Alikumbuka neno kwa neno. Werema, mkubwa wa ukoo, alieleza kwamba ardhi ni ya kijiji na haiuzwi. Kinachouzwa ni kilicho juu yake, yaani migomba, miti na nyumba. Kisha akauliza mbele ya majirani: "Unaingia nyumba ya Wankyo?" Naye, akifikiria kuhama, alijibu kwa sauti safi ya darasani: "Naingia." Wanawake wakapiga vigelegele. Alidhani ni ukarimu.

"Kwenu Nyegina, kwa mapadre, kuingia nyumba ni kuhamia," Boke alisema. "Huku kwetu ni kuolewa. Wankyo alikuwa na ng'ombe, hakuwa na mtoto. Mwanamke kama huyo anaoaga mwanamke mwenzake, amzalie. Nyumba ntobhu, hujasikiaga? Mtoto anaitwa wa yule bibi. Baba haulizwi."

*Baba haulizwi.* Eufrasia aliona aibu jinsi maneno yale yalivyomwingia vizuri.

"Lakini amekufa, mama!"

"Amekufa kabla hajapata mke. Nyumba haijafa. Ulifikiri bei ile ulipunguziwa kwa sababu ya macho yako mazuri? Hiyo ndiyo mahari."

Boke aliinuka, akamkaribia. Macho yake yalishuka mpaka kwenye fundo la kitenge.

"Mimi sijui mengi," alinong'ona. "Nasikiaga tu wazee. Atakuuliza mtoto ni wa nani. Mtaje baba yake. Kwa jina, kwa nguvu, tusikie. Mtoto mwenye baba hamtaki, atakuachia. Lakini ukisema ni wake… ni wake."

"Wake vipi?"

"Mtaje tu, mwanangu. Nitakuwa hapa uani. Nitasikia, nitamwambia Werema, yamekwisha."

Yamekwisha! Binti wa Werema alikuwa anauza dagaa sokoni Musoma, meza moja na Pelagia. Ndiko habari za kiwanja zilikotoka. Na ndiko jina lile lingefika.

Alirudi na kigae kitupu. Giza lilikuwa linaingia. Alipovuka migomba, akasimama.

Paa lilikuwa linafuka moshi.

Mlango alikuwa ameufunga kwa kufuli, na kufuli lilikuwa palepale. Alifungua. Ndani, katikati ya mafiga aliyoyaacha baridi, kuni zilikuwa zinawaka vizuri, zimepangwa na mkono uliozoea. Kulikuwa na harufu ya ugoro… na samli ya zamani.

Hakukuwa na mtu.

"Umechelewa, mke wangu."

Sauti ilikuwa ya kikongwe, na haikuwa na hasira. Ilitoka upande wa giza, chini, kama ya mtu aliyekaa. Eufrasia alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mtoto ni wa nani?"

Kupitia upenyo wa mlango aliuona ua wa Boke. Boke alikuwa amesimama wima, ndoo mkononi, anasikiliza. Jina lilikuwa fupi. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Akilini akamwona Pelagia akimtandikia godoro, mwezi ule alipopunguzwa kazini. *Kaa tu, mdogo wangu. Hapa ni kwako.*

"Mtoto ni wa nani?"

"Wa kwako," alisema Eufrasia, kwa sauti ya chini ili Boke asisikie. "Ni wa kwako, mama."



Kisha kigelegele kimoja, chembamba, kikapanda nyuma ya nyumba. Ng'ombe wa Boke wakaanza kulia. Boke aliingia ndani kwake na kufunga mlango.

Mtoto alizaliwa wakati wa kuvuna mtama, wa kiume, mzima. Titi la mama yake hakulitaka. Mara nyingi Eufrasia aliamka alfajiri akamkuta ameshashiba, midomo ina mafuta ya samli, naye akamfuta haraka kabla hakujapambazuka, asije akayaona vizuri. Kuondoka naye hakujaribu. Angeondoka kwenda wapi?

Pelagia, aliyesikia habari za mtoto pale sokoni, alikuja bila taarifa, ameshika khanga mpya. Hakukaa. Alimchukua mtoto, akamtoa nje kwenye mwanga, akamgeuza huku na huku. Alimtazama paji la uso. Akatazama masikio, vidole, mpaka kucha.

Eufrasia alisimama mlangoni.

"Hafanani na mtu yeyote ninayemjua," hatimaye Pelagia alisema.

Machozi yalikuwa yanamtiririka. Alimkumbatia mdogo wake, mtoto akiwa katikati yao, ametulia, mzito kuliko umri wake.

"Nisamehe, Eufrasia. Niliwaza mabaya juu yako na mume wangu. Njia nzima nilikuwa nawaza mabaya. Nisamehe."

Na Eufrasia akamsamehe.