Simu Isiyo Yake

Walikutana siku ya kusajili wanafunzi wapya, ukumbi umejaa pomoni. Yeye, mkutubi wa chuo, alikuwa amebeba rundo la kadi za maktaba. Dada mmoja mwenye gauni la kijani akamgonga kiwiko, kadi zote zikatawanyika sakafuni.

"Pole, kaka. Nikuandikishe kwangu? Mimi ni mshauri nasaha, watu waliochanganyikiwa ndio kazi yangu."

"Basi niandike wa kwanza," akasema, na kweli alikuwa amechanganyikiwa.

Mapenzi hayakuchelewa kukolea. Tatizo lilikuwa simu. Mshauri alikuwa nazo mbili, na ile ndogo ya kazini ikiita, hutoka nje hata kama chakula ndiyo kwanza kimeletwa. Siku moja mkutubi akanyata mpaka mlangoni. Akasikia mngurumo wa mwanamume upande wa pili, na mpenzi wake akijibu taratibu, "Niko hapa. Sitakuacha. Nipigie wakati wowote."

Hebu niambie, nani angesikia hayo akapata usingizi? Dalili ya mvua ni mawingu.

"Ni nani huyo?"

"Mtu wa kazini, mpenzi."

"Mwanafunzi?"

"Chuo kina wanafunzi, kina walimu, kina wafagizi. Wote wana mioyo, na mioyo huelemewa. Usiniulize tena."

"Hata jina?"

"Jina hasa. Nikitoa moja tu, hakuna atakayenipigia tena. Na mume wa kunihoji hivi kila jioni, simtaki."

Mkutubi aliacha kuuliza, ila moyo ukakataa. Akaanza kuunganisha mambo. Mbona hata akilalamika juu ya Mkuu wa maktaba, mzee yule mkali anayefokea watu kwa kiti kilichosogezwa, mpenzi wake hubadilisha mazungumzo? Shida zangu hataki kuzisikia, akawaza. Ana mwingine wa kumsikiliza.

Jumamosi mchana Mshauri alikuwa jikoni, mikono imejaa unga, simu ndogo ikaita mezani. Mkutubi akaidaka.

"We bwana, huyu mwanamke ana mwenyewe. Katafute wako."

Kisha simu ikakatika.

Mshauri alikuwa amesimama mlangoni, uso umemsawijika. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha mkutubi.

"Unajua ulichofanya? Mtu huyo aliniahidi kwamba kabla hajajidhuru atanipigia kwanza. Amepiga. Umepokea wewe."

Mshauri akapiga, haikupokelewa. Akampigia mwenzake wa kituo cha ushauri, akanong'ona watu waende nyumbani kwa mtu yule sasa hivi, kisha akapiga tena. Safari hii ikapokelewa, ikasikika pumzi tu.

"Ni mimi. Aliyejibu ni mchumba wangu, wivu umemtia ujinga. Anataka kukuomba radhi. Nimpe?" Akasikiliza, akamkabidhi simu.

Mkutubi akaiweka sikioni. "Ndugu yangu, mimi ndiye niliyekujibu vibaya. Sikujui, na sitauliza. Nakuomba zungumza naye, usikate. Mimi natoka nje mpaka mmalize, hata kama ni kesho."

Mtu akakohoa upande wa pili. "Nimekusikia, kijana. Mrudishie simu."

Sauti ile. Kila siku ya kazi aliisikia ikifoka kwa sababu ya viti. Mkutubi akarudisha simu, akatoka, akakaa kwenye ngazi juani. Alilia kwa aibu, akikumbuka yote aliyowahi kusema juu ya mzee wa watu.

Alikaa sana. Mwishowe Mshauri akatoka, akaketi kando yake.

"Wenzangu wamefika, wako naye. Leo yuko salama." Akamkazia macho. "Umeitambua sauti?"

Neno lilimfika ulimini. Alitamani kulisema, walau kwake yeye tu, apunguze uzito.

"Sauti gani? Simu yenyewe ilikuwa inakwaruza, sikusikia vizuri."

Simu haikukwaruza hata kidogo, na wote wawili walijua. Mshauri akamfuta machozi kwa mkono ambao bado ulikuwa na unga.

"Nyumbani kwetu," akauliza, "utakuja lini kumwona baba, ulete posa?"