Anayehema Nyuma ya Chumba cha Mama

Kilichoanza ni kuhema.

Ilikuwa saa saba mchana, jua limesimama utosini, hata jani halitikisiki. Fundi alikuwa barazani na cherehani yake, anapindua ukosi wa shati la mteja asiye na subira, aliposikia mtu anahema nyuma ya nyumba. Haikuwa pumzi ya mtu aliyekimbia. Ilikuwa ya mtu aliyejitwika gunia na safari bado ndefu: hewa inaingia kwa shida, inazuiwa kifuani, kisha inatoka na mguno mdogo. Akadhani mumewe anahamisha mbao, akamwita. Mumewe akaitika kutoka karakanani, upande wa mbele, mdomo umejaa misumari.

Fundi akazunguka kuangalia. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta wa chumba cha mama mkwe wake, dirisha lililo wazi, na ule mti.

Mti huo ulipandwa na marehemu baba mkwe mwaka alioijenga nyumba. Sasa watu wawili wasingeweza kuukumbatia wakashikana mikono, na ulikuwa umeinamia paa kama jirani mbea anayechungulia chungu cha watu. Fundi alisimama chini yake akasikia harufu. Ilikuwa jasho, jasho zito la mwanamume wa kazi za kutwa, mahali ambapo mwanamume hakuwepo.

Dirishani ukatokea mkono mkavu wenye kikombe. Mama mkwe, ambaye miguu ilikuwa imemkataa huu mwaka wa pili, alimwaga maji yaliyobaki kwenye shina, kama alivyofanya kila mchana tangu Fundi aolewe.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Maskini, siku hizi anachoka."

"Nani anachoka?"

"Kashone, mwanangu. Mwenye shati akija atakutoa roho."

Fundi akarudi kwenye cherehani, lakini ukosi ule aliushona kombo mara mbili.

Ni lazima nimseme mumewe hapa, maana bila yeye kisa hiki kingeishia kwenye kuni. Alikuwa seremala, na seremala hasa, mikono ya dhahabu. Mtaa mzima ulimwita Kesho. Milango ya watu aliitengeneza, ila mlango wake mwenyewe ulifungwa kwa kamba. Kinyozi hajinyoi, sawa, lakini huyu hata kioo hakutaka kujitazama. Ukimwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, anacheka: "Mimi seremala bwana, kuta waulize waashi." Mkewe alimpenda, na alikuwa amechoka naye, na yote mawili yalikuwa kweli kwa siku moja.

"Ule mti unatisha," alimwambia jioni ile.

"Nitautazama."

"Lini?"

Jibu mnalijua.

Baada ya hapo kuhema kukaja kila siku, saa saba kamili, kisha na jioni pia. Fundi akaanza kuona mengine. Uyoga uliota kwenye shina, mpana, wa rangi ya ini. Upande wa pili wa mti, ule usioelekea nyumba, udongo ulikuwa umeinuka na kupasuka. Unga laini kama pumba za msumeno ulimwagika kutoka kwenye matundu ya gome. Tawi moja lilianguka mchana mkavu, bila upepo, likapita dirisha la mama kwa urefu wa mkono. Usiku ule Fundi hakulala. Asubuhi hakumsubiri mumewe, akaenda mwenyewe kumleta mkata miti.

Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyepoteza kidole kimoja kwa msumeno na tangu siku hiyo akaacha kufanya kazi kwa haraka. Aliuzunguka mti mara mbili.

"Uyoga huu hauli mti wenye afya," alisema mwishoni. "Ukiuona shinani, ujue ndani kumeoza. Na huu udongo uliopasuka, mizizi inang'oka. Mti ulioinama tangu utotoni hauna neno. Ulioinama ukubwani ndio wa kuogopa."

Akageuza shoka, akagonga shina kwa upande wake butu. Likalia kama ngoma. Akachukua nondo ya chuma, akaichoma chini ya mzizi mkubwa, ikazama mpaka mkononi bila kugusa kitu kigumu. Akachoma pengine, ikazama vilevile. Akabandika sikio kwenye gome asikilize, na alipolitoa shavu lake lilikuwa limelowa. Akajifuta kwa kiganja, akanusa kiganja, akaanza kukunja kamba zake taratibu.

"Mti huu ulitakiwa uwe umelala tangu mwaka juzi," alisema kwa sauti ya chini. "Hauna mzizi hata mmoja wa maana."

"Sasa umesimama na nini?" Fundi akauliza.

Mkata miti akageuka. Alimtazama Kesho, aliyekuwa amekuja kuegemea ukuta na penseli sikioni. "Mzee aliyemo chumba hiki mhamisheni. Leo, bwana, leo. Halafu mimi nakata miti, aliyemo ndani ya mti simkati. Mkimaliza naye, niiteni."

Mama akakataa. "Niliingia chumba hiki nikiwa bibi harusi, nitatoka nimefunikwa," alisema, akageukia ukutani. Kesho akasema basi, ataongea naye kesho. Na Fundi, mke mwerevu ambaye hakuwahi kukata kitambaa kabla ya kupima, safari hii alipima vibaya. Hatari zilikuwa mbili, moja ameonyeshwa kwa nondo na nyingine anaisikia inahema, naye akaikimbilia ile inayohema. Aliamini aliyemo mtini ni jini lililomtamani mama mkwe wake, mwanamke aliyempokea akiwa hana kwao na kumwita mwanangu tangu siku ya kwanza, na kwamba likishachoka kumsikiliza dirishani litamchukua.

Mganga alikuja Ijumaa jua likielekea kuzama. Mwanamke mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, beseni la maji na ubani kwenye mfuko wa plastiki. Alikaa kwenye kigoda chini ya mti, akafukiza, akaita kwa maneno yake. Haikuchukua muda. Kichwa kikamwangukia kifuani, mabega yakashuka kama ya mtu aliyebebeshwa, na kinywani mwake kukatoka ile pumzi.

"Mnaniitia nini?" ilisema, nzito, ikikatika katikati. "Nina kazi."

"Utoke," Kesho alinong'ona, kwa sababu mganga alikuwa amewaelekeza waseme hivyo.

"Nitoke?"

Mganga akainua kichwa, macho yake yamerudi, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Ngojeni," alisema kwa hofu. "Miaka yote hii nawatoa, wanakataa, wanatukana, wanadai. Sijaona anayeomba ruhusa. Tumuulize kwanza amekaa kwa ajili ya—"

Kichwa kikaanguka tena.

"Nitoke kweli?"

Na Fundi, ambaye hakulala siku ngapi, ambaye alisikia kikombe cha mama kikigonga kizingiti cha dirisha juu yake na mkono mkavu ukitoka kumwaga maji kwa kitu kile kama mtu anayelisha mbwa wake, alipiga kelele kwa nguvu zote alizokuwa nazo: "Toka! Toka, utuachie mama yetu!"

"Haya," sauti ikasema. Ilisema kwa raha, kama mtu anayetua mzigo.

Harufu ya jasho ikakatika. Kukawa kimya, kimya ambacho hata nzi hawakuwamo. Ndipo chini ya miguu yao udongo ukaguna, ule uliopasuka ukafunguka ukaonyesha mizizi myeusi iliyooza kama nyuzi za mkeka wa zamani, na Fundi akaelewa yote kwa mara moja, maji ya kila mchana, ile pumzi ya mbeba gunia, nondo iliyozama bila kugusa kitu, akaelewa kilichokuwa kimeusimamisha mti ule miaka miwili juu ya kitanda cha mama, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekifukuza kwa mdomo wake, akakimbia, akapita karakanani, akapita ukumbini, akausukuma mlango wa chumba huku nyuma ya ukuta ule mti wote ukija, matawi kwanza, kisha mabati yakilia, kisha boriti ya paa ikikatika vipande viwili juu ya kichwa chake, akamwangukia mama mkwe wake akamfunika kwa kifua chake na kulia, "Rudi! Shika! Nakuomba, ushike!"

Kila kitu kikasimama.

Shina lilikuwa limeingia ndani ya chumba. Lilining'inia juu ya mgongo wa Fundi, karibu kiasi kwamba uyoga wake uligusa nguo yake. Sikioni pake mtu alihema.

"Nilikuwa na mti wa kusimamia. Mmenitoa," sauti ilisema, bila hasira. "Sasa nishike kwa mabega ya nani?"

"Mwanangu, usijibu," mama alinong'ona chini yake. "Mimi nimeshaishi. Usijibu."

"Yangu," Fundi akasema.

Waliomwona wanasema magoti yalimpinda kidogo, kisha akasimama, na shina likainuka pamoja naye. Kesho akamvuta mama yake kwa shuka mpaka nje. Fundi hakutoka. Alisimama mlangoni usiku kucha, hakukaa, mpaka asubuhi mkata miti alipokata shina vipande na kuteremsha gogo la mwisho. Ndipo akaomba maji, akanywa ndoo nusu. Majirani wakasema pole, yamekwisha. Mganga peke yake hakusema hivyo, alikusanya beseni lake akaondoka bila kuaga.

Siku ya tatu mama akadai chumba chake, akarudishwa. Kesho alipiga mabati mapya kwa siku moja, kazi safi. Ilibaki boriti tu. Mbao ya kuibadilisha alishaichagua, nzuri, iliyonyooka, akaiegemeza karakanani.

Wiki mbili baadaye, saa saba mchana, alikuwa anapiga randa aliposikia cherehani imenyamaza. Kisha akasikia kuhema.

Aliifuata ile pumzi. Mkewe alikuwa amehamisha cherehani yake, sasa anashonea kwenye mlango wa chumba cha mama na haondoki hapo, hata chakula analetewa. Alikuwa ameinama, mabega yameshuka, gauni limelowa mgongo mzima, na harufu iliyotoka kwake haikuwa yake. Mama alikuwa amejikokota mpaka ukingoni mwa kitanda, anamnywesha kwa kikombe kile kile. Alipomaliza akajilaza, akafumba macho, machozi yakamshuka kuelekea masikioni.

Kesho akapiga magoti mbele ya mkewe, akamshika mikono. Alimpenda jamani, hilo msimnyime.

"Namwita mganga," alisema. "Leo. Leo hii, mke wangu, sasa hivi."

Mtaani hakuna aliyewahi kumsikia akitamka neno hilo. Fundi akainua kichwa polepole, akamtazama kwa macho ambayo hayakuwa na kosa lolote ila uchovu.

"Nitoke kweli?" aliuliza. Haikuwa sauti yake.

Kesho akafungua mdomo amjibu, na bila kutaka akatazama juu. Boriti ilikuwa vipande viwili. Ncha hazikugusana, baina yake kiganja kizima kingepita. Mabati yote, na mbao zote zinazoyabeba, yalikaa juu ya pengo lile yamenyooka, hayajabonyea hata kidogo. Chini yake mama yake alikuwa amelala.

"Hapana," alinong'ona. "Subiri. Mbao ninayo, iko pale. Subiri kidogo tu."

"Lini?"

Nyundo ilikuwa hatua kumi, mbao hatua kumi na mbili, na jua bado lilikuwa juu. Lakini ulimi una njia yake uliyoizoea, nao ukatangulia kabla hajauzuia.

"Kesho," alisema.

Mkewe akainamisha kichwa, akaendelea kuhema.