Sindano Iliyohamia Kushoto

Mama mdogo tulimtania kwa jina la Robo Inchi, na yeye alilipenda. Alikuwa akishona mablanketi ya viraka, kazi isiyomfaa mtu wa bora liende. Kila mshono unatakiwa ule kitambaa robo inchi tu. Ukizidisha kidogo hapa na kidogo pale, mwisho blanketi zima linapungua na pembe hazikutani. Mimi ningeshona shuka moja nikahama mji.

Jumamosi moja asubuhi alikuja na cherehani ya zamani, chuma kitupu, nzito mpaka tukaishusha kwa kusaidiana. Aliinunua pamoja na benchi lake kwenye nyumba ya marehemu mmoja, vyombo vilipokuwa vikiuzwa. Akaipangusa, akaitia mafuta huku akiimba. Blanketi la kwanza lilikuwa la mtoto wa dada yangu, ambaye ujauzito wake ulikuwa umebakiza kidogo kutimia. Dada alishapoteza mimba mbili, na safari hii familia nzima tulikuwa tunatembea kwa kunyata. Mtoto huyu tulimtaka kwa roho zetu zote.

Viraka vikagoma kukutana. Mama mdogo akapima, akafumua, akashona upya, wapi. Ndipo alipoona kwamba sindano imehamia kushoto. Kijiti cha kuisogezea kilikuwa juu ya mashine, na yeye alikiacha katikati. Sindano ikikaa kushoto inakuwa mbali na ukingo wa kitambaa, kwa hiyo mshono unakula zaidi. Akanigeukia.

"Umechezea mashine yangu?"

"Mama mdogo, mimi hata kutunga uzi kwenye sindano siwezi."

Akairudisha katikati kwa nguvu za mikono miwili, akaenda kunywa chai. Aliporudi ilikuwa kushoto.

Tukamwita fundi wa cherehani. Alisukuma kile kijiti kwa kidole, hakikusogea. Akakihamisha kwa koleo, jasho likimtoka.

"Kimekaza hiki, mama. Chenyewe hakiendi popote."

Kisha akaliona benchi.

"Hii mashine naijua. Mwenyewe alikuwa anakaa upande wa kushoto, na sindano anaileta mbele ya macho yake. Upande wa kulia hakai mtu. Ukimuuliza, anakwambia hiyo ni nafasi ya mtoto."

"Na huyo mtoto yuko wapi?" nikauliza.

"Hakuwahi kumpata."

Alipoondoka nilicheka, nikamwambia mama mdogo kwamba mafundi wakishindwa kazi hawakosi hadithi. Yeye hakucheka.

Siku hiyohiyo, jua likiwa bado kali, nilimpelekea maji. Nikamkuta amekaa ukingoni kabisa mwa benchi, upande wa kulia, paja moja likining'inia.

"Utaanguka. Sogea huku."

Hakuinua macho. "Nisogee wapi," akanong'ona, "na yeye amekaa?"

Nikatazama. Upande mtupu wa benchi, mto wa kukalia ulikuwa umebonyea. Mashine ilikuwa inakwenda. Miguu ya mama mdogo ilikuwa sakafuni, mbali na pedali. Sindano ikapanda. Ikashuka. Kushoto.

"Ananiuliza kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Mtoto anazaliwa lini."

"Usimwambie."

Akafumba macho. "Nimeshamwambia."

Nilimvuta mkono tukatoka, nusura tuanguke kizingitini. Kesho yake cherehani ilivunjwa kwa nyundo na vipande vikachukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Benchi na lile blanketi tulivichoma uani, na nilisimama pale mpaka vikawa majivu. Mama mdogo akaacha kushona. Kila dada alipoguna kwa uchungu wa mgongo, sisi wawili tulitazamana tukiogopa kusema.

Dada akajifungua salama. Mtoto wa kike, ana sauti ya kuamsha mtaa. Tulilia kwa furaha, na mama mdogo alilia kuliko wote.

Juzi mchana, nilipokwenda kumtembelea, dada alijilaza na mtoto, akamweka upande wa ukutani. Usingizi ukampitia. Mimi nilikuwa sebuleni nilipomsikia akiniita kwa sauti ya chini mno, ya mtu anayeogopa kusikika. Nikaingia. Alikuwa amepiga magoti kitandani, anajaribu kumwinua mtoto, na shuka linakuja naye.

Gauni la mtoto lilikuwa limeshonewa kwenye shuka. Ubavu wa kushoto, kutoka kwapani mpaka chini, mshono mmoja ulionyooka. Nyumbani kwa dada hakuna cherehani. Nilizikata zile nyuzi kwa wembe, huku dada akimshika mtoto asijitikise. Zilikuwa ndogo ndogo, zimepangana vizuri, na ngozi ya mtoto haikuguswa hata mahali pamoja. Aliyeshona hakuwa na haraka.