Zamu ya Jikoni

Kila alfajiri Felicitas aliwasha moto katika hoteli ya chakula ya Bi Bahiya, pale Mbagala. Alichemsha maharage, akapika pilau, na moshi ukamla macho hadi mchana. Afrah, mtoto wa dada yake Bi Bahiya, aliwahudumia wateja barazani, penye upepo. Yeye ndiye aliyeambiwa, "Ahsante, binti, chakula kitamu."

"Kwani kapika yeye?" Felicitas alinung'unika. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Afrah alimletea maji ya kunywa kila siku, lakini sasa Felicitas aliyaacha hadi yakaingia majivu. Mwishowe akaacha hata kuonja chakula. Siku moja pilau ikatoka chumvi tupu. Wateja wakairudisha.

"Ikitokea tena, nitatafuta mpishi mwingine," alisema Bi Bahiya.

Jioni Felicitas alimweleza jirani yake, Mama Wilbert, kiongozi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni.

"Yule anasifiwa kwa jasho langu. Kisa, ni damu yao."

"Umemwuliza Bi Bahiya kwa nini wewe ni wa jikoni tu?"

"Nimwulize mie? Si ataona namwonea wivu mtoto wake?"

"Na si unamwonea?"

Felicitas alicheka kidogo.

"Mwenzangu, umegombana na Bi Bahiya, lakini unaliadhibu sufuria," alisema Mama Wilbert. "Mtu akiona hatendewi haki, moyo hutoka kazini kabla ya miguu. Hata kwetu kiwandani ilikuwa hivyo. Tulipopangiwa zamu na kuelezwa sababu, watu wakatulia. Nenda kaseme taratibu. Taja kazi, usimtaje mtoto."

Kesho yake Felicitas akauliza kwa nini yeye ni wa jikoni tu. Bi Bahiya alishangaa.

"Nilikuweka jikoni kwa kuwa unapika vizuri. Nilidhani unajua."

"Sijawahi kuambiwa, mama. Na moshi hauchagui mpishi mzuri."

Bi Bahiya alifikiri, kisha akamwita Afrah. Wakakubaliana wote watatu: wiki hii mmoja jikoni, wiki ijayo mwingine. Na likibadilika jambo, sababu yake isemwe wazi.

Zamu ya Afrah ilipofika, Felicitas alikuwa barazani, akipokea ahsante zake. Akachungulia jikoni. Afrah alikuwa anakoroga maharage huku machozi yakimtoka.

"Dada Feli, kumbe ulikuwa unakaa humu?"

Felicitas alilowesha ncha ya kanga yake, akamfuta macho polepole.

"Toka kapunge upepo kidogo," alisema. "Nakushikia mwiko."