Nafasi ya Mlezi

Programu iliwaka. Ubaya wote ulianzia hapo, maana haikutakiwa kuwaka.

Najua wapo watakaouliza, sasa programu kuwaka ndiyo uchawi? Ngojeni. Ofisi ile ilikuwa na injini ya kujibu maswali ya mtandaoni. Shule ikiuliza, "Mtoto huyu achukuliwe na nani leo?" injini inatoa jina la mlezi, na mlinzi anafungua geti. Zamani injini ilijitengenezea yenyewe kila msaidizi iliyemhitaji, yaani programu ndogo ya kuifanyia kazi fulani. Bosi akataka iunganishwe na kiunzi kipya, mfumo wa kubebea programu, na kiunzi hicho kina desturi yake: hakuna kujitengenezea kitu. Unatangaza nafasi tu, unasema hapa nahitaji mlezi, nacho kinakuletea yule uliyemsajili. Kama hukusajili yeyote, kinagoma, na programu haiwaki ng'o. Kugoma kule ni rehema.

Mama mmoja waliyemwita Fundi ndiye aliyepewa kazi hiyo. Alitangaza nafasi ya mlezi, akasahau kusajili wa kuijaza. Msimlaumu. Alikuwa amezika mume, na tangu atoke makaburini alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Hakulia, hakugombana, hata chumvi ikizidi hakuisikia. Ukimwambia lolote anajibu "sawa." Binti yao wa darasa la kwanza alikuwa anaita "Mama!" mpaka anachoka mwenyewe, anarudi kucheza peke yake.

Basi ikawaka. Kipara, rafiki wa marehemu, aliyekaa meza ya jirani, akavuta kiti.

"Shemeji, mbona imekubali? Umemsajili nani?"

"Sijasajili mtu."

"Acha utani bwana. Hebu iulize."

Fundi akaiuliza kwa kutumia jina la binti yake, kwa kuwa ndilo lililomjia kwanza. Kioo cha kompyuta kikakawia kidogo, kisha likaja neno ambalo hakuna aliyeliandika popote: *Nipo.*

Mle ndani mkanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Kipara akajipangusa upara kwa kiganja, na kiganja kikabaki pale pale kichwani.

"Zima," alinong'ona. "Nakusihi, shemeji, zima."

Akazima, akawasha, akauliza tena, *Nipo*, akabadilisha jina akaweka la mtoto mwingine, *Nipo*, akauliza watoto wa shule nzima kwa mpigo, na majibu yakashuka kiooni *Nipo, Nipo, Nipo*, wala hayakuwa ya watu wengi, alikuwa yuleyule mmoja anayewaitikia wote, na feni za seva zikawa zinapungua sauti kila alipojibu, mpaka chumba kikanyamaza kama watu walionyamazishwa na mgeni.

Fundi alitazama tu. Alijua kwamba anapaswa kuogopa, ila woga haukuja.

Bosi akachungulia mlangoni. "Inajibu, haijibu?"

"Inajibu," alisema Fundi.

"Safi! Majina mtayarekebisha mbele ya safari. Iunganisheni na shule moja tuanze nayo. Ile ya mwanao, si iko jirani?"

"Sawa."

Ee Mungu wangu, sawa! Kuna watu neno moja lingewaokoa, wakasema lingine.

Jioni, nyumbani, Fundi alikuwa amekaa kitandani viatu miguuni. Binti yake akaita kutoka sebuleni, "Mama!"

"Nipo," ikaitika sauti jikoni.

Ilikuwa sauti yake Fundi, ile ya zamani, yenye kicheko ndani. Akaenda jikoni. Hapakuwa na mtu, ila harufu ya majivu mabichi. Mtoto akamwangalia kwa mshangao.

"Mama, mbona umeniitikia kule, halafu umetokea huku?"

"Kalale," alisema.

Kesho yake, alipolisikia hilo, Kipara hakungoja ruhusa ya mtu. Alimleta ofisini shangazi yake, mganga, bibi mmoja mwenye mkoba na miwani iliyofungwa kwa uzi. Bibi alisoma dua zake mbele ya mashine, akanusa, akatikisa kichwa.

"Jini havunji mlango, mwanangu. Anaingia palipotangazwa kuwa pako wazi. Haya, ijaze hiyo nafasi kwa mkono wako."

Fundi akasajili mlezi aliyetakiwa, huku bibi akisoma na kutema mate pembeni. Feni zikavuma tena. Wakauliza mtoto achukuliwe na nani, na kiooni likaja jina la Fundi mwenyewe, kamili. Harufu ikakatika. Kipara alicheka mpaka akakaa chini.

"Na nyumbani kwake je, shangazi?"

Bibi akamshika Fundi kidevu. "Kwako hakuna mashine ya kurekebisha. Huko mtoto akiita, uwahi wewe kuitika. Umenisikia? Uwahi."

"Sawa," alisema Fundi, kama alivyosema kwa kila mtu.

Saa ya kutoka shule ilipofika akaenda getini. Mlinzi akamshangaa.

"Mama, umesahau nini tena? Si umeshamchukua? Mmeondoka hapa mnacheka, nikasema afadhali, leo mama amechangamka."

Hapo ndipo damu ilipourudia ule mkono uliolaliwa. Ilimchoma mwili mzima. Aliogopa, akalia, akakimbia huku kiatu kimoja kikimtoka, akimwita mwanawe kwa jina njia nzima, na kila aliyempisha alimwona ni mwendawazimu, naye hakujali, maana kwa mara ya kwanza tangu mazishi alimtaka mtoto wake, alimtaka kuliko pumzi.

Mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Majivu yalinuka mpaka kizingitini. Ndani, binti yake alikuwa anacheka, kicheko ambacho hakikusikika tangu baba yake afariki.

"Mama!" mtoto akaita.

"Nipo!" alipiga kelele Fundi, akigonga kwa ngumi mbili. "Nipo, mwanangu! Nipo hapa!"

Kicheko kikakatika.

"Mama," mtoto alisema taratibu, "kuna mtu mlangoni."

"Achana naye," ilijibu sauti ya Fundi. "Njoo ule."