Ujumbe kwa Kengele Bubu

Kila akitoka shule, Redio alipitia kwanza kwenye karakana ya baba yake, fundi baiskeli, akamwaga habari zote za siku hiyo kabla hata hajatua begi. Nani alisinzia darasani, nani alipigwa chenga mpaka akakaa chini, mwalimu gani alivaa soksi zisizofanana. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Redio. Baba alisema tofauti ni moja tu: redio ya dukani ina kitufe cha kuzimia.

Baba mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisikiliza huku ameinamia gurudumu, na akitafuta pancha hakutumia beseni la maji kama mafundi wengine. Aliipitisha tyubu taratibu karibu na mdomo wake wa juu, amefumba macho, mpaka upepo umguse. Wateja wapya walidhani fundi anaibusu tyubu. Mbinu hiyo aliibuni mwenyewe wakati mabomba ya mtaa yalipokauka, na alimfundisha mtu mmoja tu: kaka yake Redio.

Kaka hakuwepo tena. Alitaka kwenda kusomea mitambo, baba akataka abaki karakanani, maneno yakazidi, na kaka akaondoka na mkoba mmoja, akisema atarudi siku atakapokuwa na cha kuonyesha. Tangu hapo baba hakumtaja, ila ovaroli ya kaka ilibaki kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila asubuhi baba aliikung'uta vumbi. Mama, aliyekuwa mshonaji, aliibeba simu yake kama mtoto mchanga, hata akienda kuoga. Ikilia tu, cherehani inanyamaza na nyumba nzima inanyamaza nayo.

Redio naye alikikumbuka kitu kimoja zaidi ya vyote. Kengele ya baiskeli ya kaka ilikuwa imekufa, kwa hiyo kaka mwenyewe aliuiga mlio wake kwa mdomo akikaribia nyumbani. Jioni nyingine Redio aliacha kula katikati, akidhani amesikia.

Shuleni kulikuwa na klabu ya kompyuta. Mwalimu wake, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliwafundisha wanafunzi kuandika katika kamusi elezo ya mtandaoni, tovuti ambayo kila mtu huisoma na yeyote anaweza kuiongezea au kuisahihisha. Aliwataka wajichagulie majina ya kubuni, wasiandike jina halisi la mtu, wala mtaa, wala namba ya simu. Ukurasa ule, alisema, ni kama ukuta wa sokoni: ukichora, hujui nani anapita. Redio aliitikia kwa kichwa huku akimmalizia jirani yake habari za soksi.

Siku moja, akisoma makala ya baiskeli ili aongeze mambo ya pampu, alikutana na sentensi hii: “Pasipo na maji, tyubu hupitishwa karibu na mdomo wa juu, kwa kuwa ngozi ya hapo huhisi upepo mwembamba kuliko kidole.”

Alisoma tena na tena. Akafungua historia ya makala, mahali panapoonyesha nani ameongeza nini. Mwandishi wa sentensi ile alijiita Kengele Bubu.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Redio alikosa la kusema. Halafu akayapata yote kwa mpigo. Kwenye ukurasa wa majadiliano wa Kengele Bubu aliandika majina yote matatu ya kaka, mtaa wao, karakana ya baba na namba ya simu ya mama. Akamalizia: “Kaka, rudi. Baba hana hasira tena. Mama analia.” Hakumwonyesha mwalimu. Alitaka kaka atokee tu mlangoni, na watu wote waulize nani kamleta.

Akasubiri. Kila mapumziko alichungulia ule ukurasa, na kila mara hapakuwa na kitu. Mbaya zaidi, Kengele Bubu, aliyekuwa akiandika mara kwa mara kuhusu breki na minyororo, aliacha kuandika kabisa.

Jumamosi simu ya mama ikalia. Cherehani ikanyamaza.

“Mama, ni mimi mwanao,” ikasema sauti ya kijana.

Mama alisimama na nguo ikaanguka kutoka mapajani. “Mwanangu! Uko wapi? Unakula?”

Upande wa pili kicheko cha watu kadhaa kikalipuka. Mmoja wao akajiliza kwa sauti nyembamba, “Baba hana hasira tena, Mama analia,” na simu ikakatwa. Mama aliendelea kuishikilia sikioni.

“Wamejuaje kwamba ninalia?” aliuliza polepole.

Redio alijua wamejuaje. Jioni hiyo aliwaeleza wazazi wake kila kitu, bila kuongeza chumvi hata chembe. Mama alimvuta na kumkumbatia. Baba aliuliza tu ile sentensi ilisemaje, naye Redio akaitamka kutoka kichwani.

“Hilo la ngozi sikumfundisha mimi,” baba alisema baada ya kufikiri. “Kaligundua mwenyewe.” Akatoka nje haraka, kana kwamba kuna mteja.

Jumatatu Redio alimfuata mwalimu kabla ya kengele ya kwanza. Mwalimu alisoma ule ujumbe, akavua miwani, akaivaa tena. Alieleza kwamba kuufuta tu hakutoshi, maana historia ingeuhifadhi. Akawaandikia wasimamizi wa tovuti wauondoe hata humo, na hadi mchana ulikuwa haupo. Lakini waliousoma walikuwa wamekwisha kuusoma.

Redio akaomba jambo moja la mwisho. Wasimamizi waulizwe Kengele Bubu anaandikia wapi. Si mitambo yao inajua?

“Hawatasema, na mimi siwezi kuwauliza,” mwalimu alijibu.

“Lakini mwalimu, ni kaka yangu.”

“Na yule aliyepiga simu alisema ni mwana wa mama yako.” Mwalimu alingoja lile neno limwingie. “Wao wataujuaje ukweli? Wakikupa wewe, watampa na mwingine mwenye nia mbaya. Kaka yako alichagua jina lile ili aandike aliyojifunza kwa baba yenu bila mtu kumuuliza yuko wapi. Wewe ukamtangaza.”

Machozi yalimlenga Redio. Mwalimu akamwonyesha kitufe ambacho hakuwahi kukitazama: cha kumtumia mwandishi ujumbe wa faragha. Wewe huioni anwani yake, naye hujibu akipenda. Wangeutuma kutoka anwani ya klabu, ili jibu likija limfikie mwalimu. Redio aliandika ukurasa mzima, akafuta, akaandika nusu, akafuta. Kilichobaki kilikuwa hiki: “Nisamehe. Ule ujumbe umeondolewa. Ovaroli yako haina vumbi. Usijibu kama hutaki. Redio.”

Safari hii kungoja kulikuwa kugumu zaidi, maana hakuwa na wa kumsimulia. Muhula ulikuwa umekaribia mwisho mwalimu alipomwita. Jibu lilikuwa fupi: “Nimekusamehe, Redio. Siko tayari kusema nilipo. Mwambie Mama ninakula. Mitihani ikiisha nitapiga mwenyewe.”

Redio alilinakili akalipeleka nyumbani, na mama akalisoma mara nyingi, akirudia lile neno “ninakula” peke yake.

Na kweli simu ikalia, jioni moja, kwa namba ngeni. Mama aliitazama kwa hofu kabla ya kuipokea.

“Mama, ni mimi.”

Mama alifumba macho. “Kama ni wewe,” alisema, “kengele ya baiskeli yako ililiaje?”

Kisha, kutoka mbali sana, ikaja kwa mdomo: “Kriiing, kriiing.”

Mama akaketi chini. Baba, aliyejidai anapanga spana, alikuja akapokea simu na kusema kwamba hilo la ngozi ni kweli, amelijaribu. Zamu ya Redio ilipofika, alifungua kinywa kuuliza kaka anakaa mtaa gani. Baba akamshika bega.

“Muulize hali yake, mwanangu. Anapokaa atasema mwenyewe siku akitaka. Habari za mtu ni mali yake, hata akiwa ndugu yako, hata ukiwa unampenda. Tungeyaheshimu hayo mapema, yule mhuni asingemchezea mama yako.”

Redio akameza swali lake. Akauliza kama chakula cha huko kina chumvi ya kutosha.

Kesho yake rafiki zake walimzunguka mlangoni mwa karakana, kwa kuwa uso wake ulikuwa unang'aa na wao walijua uso ule. Wakamuuliza kuna habari gani.

“Ipo moja,” alisema Redio, “ila si yangu.”

Ndani, baba aliacha kujaza upepo. “Kumbe kitufe kipo,” alisema, akanyoosha mkono na kuikung'uta ovaroli.